Barua ya wazi kwa wazazi wenye mtoto wa darasa la saba

Wanangu,

Marahaba kwa wote mlionisalimu. Wengi mmeniuliza kuhusu usaili wa kuingia kidato cha kwanza kwenye seminari na shule binafsi, na naona hofu yenu kubwa ni hisabati. Nimelifundisha somo hilo shule ya msingi hadi nikastaafu. Mtoto anayesoma shule ya Kiswahili mara nyingi hesabu anaiweza. Lugha ya swali, yaani Kiingereza, ndiyo inayomwangusha. KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) anazitafuta bila shida, lakini akizikuta kwa Kiingereza, LCM na GCF, anaganda. MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, anaiimba, lakini BODMAS, jina lake la Kiingereza, hajawahi kuisikia. Mzingo wa shamba anaupata, ila swali lile lile likija kwa Kiingereza, mistari mitatu, analiruka.

Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani, na haihitaji tuisheni ya hadi saa tatu usiku. Kila jioni mpeni maswali mawili matatu kutoka mitihani ya zamani ya Kiingereza. Kabla hajashika kalamu, akueleze kwa Kiswahili swali linataka nini. Hata kama Kiingereza hukijui, utamsikia anavyobabaika. Hapo mrudishe asome tena, au amuulize dada yake wa sekondari. Neno jipya aliandike daftarini pamoja na mfano wake. Kisha akokotoe na kuonyesha njia yote, maana darasani amezoea kusiliba herufi ya jibu tu, na wasaili wengi hutaka kuona hatua.

Mwanzoni itakwenda polepole mno. Msimkaripie, na nawaomba sana msimpige kwa kukosa. Nimewaona watoto wakificha madaftari kwa kuogopa fimbo ya nyumbani, na kosa lililofichwa mwalimu atalisahihisha vipi?

Kwenye mahojiano ya ana kwa ana, msimkaririshe kwamba anataka kuwa padre ikiwa hajawahi kulitamka mwenyewe. Aseme anachokipenda, hata kama ni mpira.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana, ni shule za serikali za vipaji maalumu. Huko wanafunzi wa kidato cha kwanza huchaguliwa kwa alama za mtihani wa taifa wa darasa la saba, ule wa Septemba. Anayewauzia fomu ya usaili wa huko anawaibia.

Mwambieni pia mapema kwamba akikosa nafasi kwenye usaili hamtamkasirikia. Akifaulu mtihani wa taifa, sekondari ya serikali ipo, na tangu 2016 hailipiwi ada hadi kidato cha nne. Mtoto wa miaka 13 asibebeshwe heshima ya ukoo mzima.

Fomu za shule mbili zinatosha. Fedha ya fomu ya tatu mnunulieni kamusi, na usiku wa kuamkia usaili alale mapema.

Mwalimu wenu mstaafu