Hadithi za majini ziruhusiwe shuleni

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wachapishaji, na wazazi wenzangu, neno kuhusu vijana wa sekondari wanaokwepa vitabu: tuwatolee vitabu vifupi vya hadithi za majini na mizuka, kwa Kiswahili chepesi. Kijana wa aina hii ukimpa kitabu hatazami jina lake. Hufungua kwanza ukurasa wa mwisho aone namba, kisha hupima ukubwa wa herufi, na akiona sura ni ndefu hukirudisha kimya kimya. Lakini stima zikipotea mtaani, ni yeye huyo anayewaweka wenzake barazani hadi usiku mwingi kwa kisa cha mwanamke mzuri wa buibui ambaye, alipoinua pindo aruke dimbwi, alionekana ana kwato za punda.

Hamu ya hadithi anayo. Kitabu ndicho hana. Vile vyenye Kiswahili anachokimudu ni vya sungura na fisi, naye ana miaka 15 na hataki kuonekana navyo. Wenzetu walilitazama jambo hili mapema. Kampuni ya Barrington Stoke, iliyoanzishwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1998, hutoa vitabu vifupi vyenye mambo ya rika la msomaji kwa lugha nyepesi, na huvichapa kwa karatasi ya manjano hafifu isiyochosha macho.

Malighafi ya hadithi hizo sisi tunayo tele. Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698 huku waliomo wakifa kwa njaa na maradhi, na mwaka 1697 meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ikazama karibu na kuta zake, ambako mabaki yake yalikuja kuchunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Mtunzi anayekosa mzuka hapo, basi hajawahi kupita Mji wa Kale baada ya Isha.

Wapo watakaosema tunawafundisha watoto ushirikina. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja iliyotoka mwaka 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu unaoogopwa, na mpelelezi Bwana Msa analifumbua fumbo kwa kuuliza, kutazama na kutumia akili. Huo ni ushirikina gani? Nami sioni kosa hata pale mwandishi anapoacha jambo moja bila jawabu, kwani wazazi Waislamu wanajua kwamba Qur'ani ina sura nzima yenye jina la majini.

Wachapishaji wakikubali kutoa vitabu hivyo, nawasihi wasitie maswali ya ufahamu mwishoni mwa kila sura, kwa sababu kijana akiyaona tu hujua kuwa ameletewa kazi ya shule, na kitabu hakifungui tena.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kisauni, Mombasa