Anayeuza honi ya treni auze na mabehewa yake

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa kijana, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Niliona walalamikaji wapo wa kutosha. Lakini ile habari yenu ya wakazi wa kandokando ya reli wanaotaka treni ya asubuhi ikatazwe kupiga honi, ambayo mwandishi wako ameiita "kelele za karaha", imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nimefanya kazi kwenye injini za treni za abiria miaka 29, kwanza kama msaidizi, kisha dereva. Treni haina usukani. Ukimwona mtu relini huna pa kumkwepea. Una breki na una honi, basi. Na breki hata uishike yote, treni yenye mabehewa yaliyojaa watu itateleza mamia ya mita kabla haijatulia. Kinachobaki ni kumwomba yule mtu aondoke, na honi ndiyo namna pekee ya kumwomba. Hakuna dereva anayeibonyeza kwa starehe. Sisi tunakaa nayo karibu kuliko huyo aliyelala kitandani.

Mwandishi wako anauliza mbona treni ya umeme inayokwenda Morogoro na Dodoma haisumbui watu. Bwana mdogo, ile nayo ina honi. Ila tangu ianze kubeba abiria Juni 2024 inapita kwenye njia yake yenyewe, iliyozungushiwa uzio, magari na watu wanavuka juu au chini. Hii yetu ya reli yenye upana wa mita moja, ambayo watu bado wanaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi aliyekuwepo ilipoanza Oktoba 2012, inapita katikati ya mafungu ya nyanya. Muuzaji anasogeza turubai, treni inapita, anarudisha turubai. Hapo unataka dereva anyamaze?

Na taa nayo imekuwa kichekesho. Taa kubwa ya mbele inawashwa mchana kweupe makusudi, ili uione treni kabla hujaisikia, maana mtu aliye mbali hawezi kujua kama injini imesimama au inakuja. Nimewaona vijana wa bodaboda wakimfumbia na kumfumbulia dereva vidole, wakimwashiria kwamba amesahau kuzima taa!

Sasa nikueleze kelele ya kweli iko wapi. Mwezi uliopita, saa moja kasoro asubuhi, nilikuwa nampeleka mjukuu wangu shule. Tumefika kwenye kivuko cha reli upande wa Buguruni, foleni imesimama, watu wanavuka. Nyuma yetu ikalia honi ya treni. Siyo inayofanana nayo. Ni yenyewe, ile ya matarumbeta yanayolia kwa pamoja, nzito, inayotikisa kifua. Mimi mwenyewe, Mhariri, mtu wa miaka 29 kwenye injini, nilimnyanyua mtoto na kuruka naye mtaroni. Dada mmoja muuza vitumbua alitupa ndoo, vitumbua vikatapakaa kwenye kokoto. Kugeuka, ni daladala! Konda ananing'inia mlangoni, anacheka mpaka machozi, "Mzee unakimbia nini, si unapenda treni?" Dereva wake akaipiga tena, kwa raha zake, ili tumpishe awahi abiria wa kituo cha mbele. Tukasonya, tukatukana kidogo, nikamfuta mtoto matope. Hazikupita dakika tano ikalia nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa treni. Na unajua watu walifanya nini? Hawakugeuka. Yule dada aliinama relini anaokota vitumbua vyake, akasema bila hata kuinua uso, "Achaneni naye mpumbavu huyo." Dereva wa treni akapiga, akapiga, akashikilia moja kwa moja bila kuachia. Nilichoona mimi ni mwanga wa ile taa ya mbele, hiyo mnayosema imesahauliwa, ukimulika pembeni mwa ndoo. Nikamvuta dada kwa kanga. Ndala yake moja ilibaki kwenye reli, na treni ilipopita ilikuwa vipande viwili, imekatwa safi kama kwa kisu.

Hakuna gazeti lililoandika hilo, kwa sababu hakuna aliyekufa.

Na si honi tu. Nyekundu ilikuwa na maana yake. Zamani mkuu wa stesheni alikuwa akisimama jukwaani mpaka aione taa nyekundu ya mkia wa behewa la mwisho, ndipo aamini treni imepita nzima. Asipoiona, huenda kuna mabehewa yamekatika huko nyuma, na hakuna treni nyingine itakayoruhusiwa kuingia mpaka yajulikane yalipo. Leo bodaboda ina taa nyekundu mbele, bluu nyuma, na ya zambarau chini ya kiti, sijui inamtahadharisha nani. Gari la mtu binafsi lina kimulimuli na king'ora, mwenyewe anawahi harusi. Kila baada ya muda tunatangaziwa vitaondolewa, vinaondolewa wiki mbili, vinarudi na ndugu zao.

Kwa hiyo sina haja na kamati wala semina. Yeyote anayeuza honi ya treni mjini alazimishwe kuuza na mabehewa yake, kumi kwa uchache. Na dereva wa daladala atakayekamatwa nayo asitozwe faini, maana ataitoa kwa abiria. Apewe kivuko kimoja cha reli akilinde asubuhi na jioni kwa siku 30, ashike bendera nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, na honi yake aje nayo awapigie watu wanaovuka, aone wangapi watageuka.

Bendera ninayo nyumbani, imechakaa kidogo ukingoni. Nitamwazima.

Dereva mstaafu wa treni,
Tabata, Dar es Salaam