Kwa Nini Ala ya Chatu Hubanduka Magamba

Wiki hii mteja mmoja ametuletea ala ya kisu iliyovikwa ngozi ya chatu, aliyoinunua kwingine. Pembeni, pale kidole gumba kinapopita kila akichomoa kisu, magamba yamesimama kama karatasi iliyorowa ikakauka. Mshono wa upande wa makali nao umekatika mahali pawili. Akauliza kama ameuziwa ngozi feki. Hapana, ni chatu kweli, ila amepewa kazi isiyo yake.

Ngozi ya chatu ni nyembamba mno, haiwezi kubeba kisu peke yake. Ala zote tunazotengeneza hapa Mombasa, ziwe za mamba, kenge au chatu, mwili wake ni ngozi ya ng'ombe ya milimita 3 hadi 4, iliyodabighiwa, yaani iliyotiwa dawa isioze, kwa magome ya mti wa muwati. Hiyo ndiyo tunayoilowesha na kuifinyanga juu ya kisu chako kilichofungwa nailoni, kisha tunaiacha kivulini ikauke polepole. Ikishashika umbo, ndipo tunabandika chatu. Yeye hatumloweshi, maji yanaua mng'ao wake.

Tena hatumwachi wazi pembeni. Juu yake tunashona fremu ya ngozi nyembamba ya ng'ombe iliyokatwa dirisha katikati, ili kila ukingo wa magamba ulale chini ya mshono. Mkono unagusa ng'ombe, jicho linaona chatu. Na kati ya kuta mbili za ala, upande wa makali, tunatia ukanda mnene wa ngozi. Kisu kikiteleza kinakutana na ukanda huo kabla ya kuufikia uzi. Ile ala ya mteja wetu haikuwa nao, na hilo linaniuma kuliko magamba, maana mshono ukiachia makali yanatokea pajani.

Kwa mamba tunatumia ngozi ya tumbo. Ya mgongoni inavutia, lakini chini ya yale magamba makubwa mna mifupa, na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, haupenyi. Ukitaka kumjua mamba wa Nile, tazama magamba ya tumbo kwenye mwanga: kila moja lina kitundu kidogo karibu na ukingo, kama alama ya ncha ya sindano. Ng'ombe aliyepigwa chapa ya mamba mara nyingi hana, na mchoro wake hujirudia.

Tafadhali msituletee ngozi ya chatu aliyeuawa shambani, hata kama mmempata bure. Kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013, kuwa nayo bila kibali ni kosa, kwako na kwetu. Ngozi zetu za mamba hutoka kwenye mashamba yenye leseni, zikiwa na lebo ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini: herufi za nchi, namba ya ngozi, na kifupi NIL cha mamba wa Nile. Unaposafiri nje na ala yako, ulizia kibali kabla hujakata tiketi, maana kuna forodha zitakazoizuia.

Ukija kuagiza, leta kisu chenyewe. Picha haitoshi kwa kufinyanga. Na ukishaichukua ala, usikihifadhi kisu ndani yake miezi na miezi, hasa huku Pwani. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa, na chuma hushika kutu.