Malik Ambar hakuwa "mtumwa mmoja Mhabeshi"

Mhariri,

Nimewasoma tangu gazeti lenu likinunuliwa kwa sarafu na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipowapa Wakomoro bendera ya watu wengine nilinyamaza. Ila makala ya Jumapili kuhusu Mfalme Jahangir wa Dola ya Mughal, kule India, imenishinda.

Picha kwanza. Mmeweka Taj Mahal. Jahangir alifariki mwaka 1627, na jengo lile mwanawe Shah Jahan alianza kulijenga miaka kama mitano baadaye. Kaburi la Jahangir lipo Shahdara, Lahore, na lina minara minne mizuri tu ya kupigwa picha. Kisha Anarkali, ambaye ni hadithi ya mapenzi isiyo na ushahidi, kapewa nusu ukurasa; Nur Jahan, mke wa kweli aliyeolewa mwaka 1611 na jina lake likachapwa kwenye sarafu za dola, kaambulia sentensi moja. Sawa, hayo nayameza.

Nisichokimeza ni pale mlipoandika kwamba Jahangir "aliwatiisha waasi wa kusini, akiwemo mtumwa mmoja Mhabeshi". Mtumwa mmoja! Huyo ni Malik Ambar, mzaliwa wa Uhabeshi wa karibu mwaka 1548, aliyeuzwa angali mtoto, akapitishwa Mocha, bandari ya Yemen, na Baghdad hadi Deccan, kusini mwa India. Majeshi ya Akbar, baba yake Jahangir, yalipouteka mji wa Ahmadnagar huko Deccan mwaka 1600, ni yeye, akiwa huru na mwenye askari wake, aliyemweka kitini kijana wa ukoo wa kifalme wa hapo na kuishika nchi. Kwa zaidi ya miaka 20 aliwatoa jasho majemadari wa Mughal: aliwakatia chakula, akawavizia kwa farasi wepesi, mizinga yao ikabaki mzigo. Ndiyo, alishindwa mara kadhaa, na mwaka 1617 Khurram, huyohuyo Shah Jahan wa baadaye, alimlazimisha kuachia ardhi. Akaifuata tena. Mwaka 1624, huko Bhatvadi, karibu na Ahmadnagar, akayapiga majeshi ya Mughal na ya dola jirani ya Bijapur kwa pamoja. Jahangir akafanya nini? Akamtukana kwa weusi wake katika kumbukumbu zake, na mchoraji wake Abu'l Hasan akamchora mfalme kasimama juu ya dunia, dunia juu ya fahali, fahali juu ya samaki, akikipiga mishale kichwa cha Ambar kilichotungikwa kwenye mkuki. Kichwa chenyewe kilikuwa salama mabegani pa mwenyewe, kikiwaza mifereji ya maji ya mji wake wa Khirki! Ambar alifariki mwaka 1626 akikaribia miaka 80, na Mu'tamid Khan, mwandishi wa Mughal wenyewe, akakiri kwamba katika vita na uongozi mtu huyo hakuwa na wa kumfananisha. Huko ndiko kutiishwa?

Basi juzi barazani kwetu, kijana mmoja akaisoma sentensi yenu kwa sauti, akahitimisha kwamba sisi hata India tulikwenda kubeba mizigo. Nikamweleza niliyoeleza hapa. Akanisikiliza kwa adabu, kikombe mkononi, halafu akalikunja gazeti na kunigongea nalo gotini: "Mzee wangu, hawa wameandika." Na wazee wenzangu wakacheka!

Nashangaa nini, wakati fumbo la maneno mmelihamishia kona ya matangazo ya vifo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, ili ukurasa wake upewe mikeka ya kubeti? Mechi za ligi ya daraja la pili Ureno mnazihakiki hadi majina ya waamuzi. Mtu wa Uhabeshi aliyejenga mji, mji ambao Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir, aliuona unafaa hata akaupa jina lake, hakuna wa kumhakiki.

Pendekezo langu ni dogo. Jumamosi moja tu, ondoeni mikeka. Chapeni mchoro ule wa Abu'l Hasan kwa rangi, ukurasa mzima, samaki aonekane mpaka mkia, na chini yake muandike kwa herufi kubwa kwamba mwenye kichwa hakuguswa. Nakala moja nitunzieni, kuna kijana nataka kumgongea gotini.

Msomaji wenu, bado,
Tanga