Siku ya Michezo Shuleni Ipangwe kwa Maji ya Bahari

Kwa Mhariri,

Shule zetu hapa Lamu zimeanza tena kualika wazazi kwenye siku ya michezo ya familia. Mialiko inataja kila kitu, hadi rangi ya fulana, ila hali ya maji haitajwi. Shule nyingi za mjini hazina uwanja wa maana, kwa hiyo hushuka ufuoni, na ufuo huo asubuhi moja ni mpana, asubuhi nyingine haupo.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mchanga unaobaki ni mgumu na mtoto anakimbia bila kuzama. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne hiyo hiyo bahari imejaa, na mbio za magunia zinahamia kwenye mchanga mkavu unaomeza kifundo cha mguu. Basi tafuteni Jumamosi iliyo kati ya tarehe 1 na 3 au 15 na 17 za mwezi wa Kiislamu, muanze saa mbili, mmalize kabla ya adhuhuri. Mkikosea wiki moja tu, mmeangukia maji mafu.

Kuvuta kamba ndiko kunakojaza watu, na ndiko kunakoumiza. Kamba ya nailoni ya kufungia mashua hupatikana upesi, lakini hunyumbuka, na ikikatika ncha zake hurudi kama mjeledi. Mjini Taipei mwaka 1997 watu zaidi ya 1,600 walivuta kamba ya nailoni. Ilikatika, na wanaume wawili wakang'oka mkono wa kushoto. Tumieni kamba ya katani au manila, unene wa sentimita 3 hadi 4, urefu usiopungua mita 33 na nusu, watu 8 kila upande. Fungeni kitambaa chekundu katikati, na vingine mita 4 kutoka hapo kila upande. Timu iliyoburutwa mita 4 imeshindwa. Kabla ya siku yenyewe, ipindueni kamba mfumbue nyuzi kila baada ya hatua moja. Iliyoliwa na chumvi huonekana nzima kwa nje, ndani ikamwaga vumbi.

Mtu asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Timu zilinganishwe kwa uzito, maana wavuvi wanane na makarani wanane hawalingani hata kidogo. Tena awepo mzee mmoja mkali wa kuwafukuza wanaodandia mkia wa kamba timu yao ikizidiwa. Inachekesha, najua, lakini ndipo kamba inapobeba mzigo isiouweza.

Shule zenye uwanja, hasa upande wa bara, zina kosa lao: mbio za mzunguko mmoja wote hupangwa mstari mmoja, aliye nje akakimbia njia ndefu kuliko wenzake. Njia ikiwa na upana wa mita 1, kila mkimbiaji atangulizwe mita 6 na sentimita 28 mbele ya aliye ndani yake, uwanja uwe mkubwa au mdogo. Mistari ichorwe kwa jivu. Chokaa isiyozimwa huunguza macho na ngozi yenye jasho.

Mbio za miguu mitatu, fungeni kwa leso iliyokunjwa, juu kidogo ya kifundo, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Kamba nyembamba huchuna. Kwenye mbio za kijiko wekeni ndimu, yai ni hasara.

Maji ya kunywa ni lita 1 kwa kila mtu, yaani watu 300 kwa jerikeni 15 za lita 20. Ziwekwe pale mbio zinapomalizikia. Zikikaa karibu na meza ya wageni wa heshima, huishia kunawia mikono kabla ya biriani.

Mwalimu wa michezo,
Lamu