Msifungie karanga kila gazeti la zamani, tuachieni na sisi wa kolaji

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo linanikera siku nyingi kuhusu makaratasi ya zamani hapa Dodoma.

Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 makaratasi yamekuwa dili. Pale Majengo na Sabasaba yanauzwa kwa kilo yanafungia karanga na maandazi, na sina ugomvi na wamama wanaouza, wanatafuta riziki, ila humo kwenye mabunda vinapita vitu ambavyo havitachapwa tena: kalenda za miaka ya 70, vitabu vya sayansi vyenye chura aliyepasuliwa tumbo, michoro ya redio za betri, matangazo ya cherehani. Na ofisi nazo zikihama ndo kabisa, wanachoma moto tu nyuma ya jengo.

Mimi na vijana wachache huku Chang'ombe tunatengeneza kolaji kwa picha hizo, yaani unakata kitu kutoka karatasi hii na kingine kutoka karatasi ile unavibandika pamoja mpaka inatokea picha ya kindoto, kitu ambacho hakipo duniani lakini ukikitazama unakiamini. Mfano kuna moja ina injini ya treni ya makaa, badala ya mabehewa inavuta utumbo wa chura umejikunja mpaka nje ya karatasi, na juu yake amekaa karani mwenye suti anaandika. Vipande vitatu tu. Wengi wanajaza vipande 40 inakuwa fujo, mi naona viwili vitatu vikikutana vizuri vinatosha.

Na kukutana vizuri ni kazi jamani. Mwanga lazima utoke upande mmoja kwa vyote, karani akiwa na kivuli kulia na treni kivuli kushoto jicho linakataa hapohapo. Mchoro wa mistari uende na mchoro wa mistari, picha ya gazeti yenye vidoti iende na yenye vidoti. Tumia wembe mpya, ule ukingo mweupe wa karatasi uupitishe penseli, na gundi iwe kidogo kwa sababu karatasi ya gazeti ikilowa inajikunja na haikai sawa tena.

Watu wananiambia hayo ni mambo ya Wazungu. Kweli Max Ernst, Mjerumani aliyehamia Ufaransa, alikata michoro ya riwaya za karne ya 19 na mwaka 1934 akatoa kitabu cha picha 182 bila hadithi ya maneno, na Hannah Höch kule Berlin alikuwa anakata magazeti kabla yake. Lakini Wangechi Mutu kazaliwa hapo Nairobi 1972, naye anachukua majarida ya fasheni na michoro ya zamani ya magonjwa anatengeneza wanawake wa ajabu na makumbusho makubwa duniani yanaonyesha kazi zake, sasa huyo naye Mzungu? Na nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006, utakuta watu warefu wembamba na wanyama wamechorwa juu ya wenzao wa zamani zaidi, hakuna aliyesubiri Ulaya imfundishe kuona ndoto.

Wanaosema tunaharibu kumbukumbu nakubaliana nao kwa sehemu, kwa hiyo sisi tuna utaratibu. Kitu kikiwa kimoja tu hatukikati, tunapeleka steshenari tunatoa kopi, na kopi ndo inakatwa. Tena Ernst mwenyewe maungio ya vipande vyake hayaonekani kwa sababu kazi zilipigwa chapa upya, na fotokopi inafanya hivyohivyo, inameza maungio mengi. Nakala halisi inaenda maktaba au kwa mwenye nayo. Na ukitaka kuuza, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, picha ya mtu muombe kwanza mwenye haki nayo.

Hali ya hewa yetu kavu inatusaidia sana, karatasi ambayo Dar ingeota ukungu huku inadumu. Adui ni mchwa na jua, kwa hiyo boksi lisikae chini kwenye sakafu ya udongo, liinue juu ya matofali mbali na dirisha.

Ombi langu Mhariri: nyie wenyewe mna magazeti yasiyouzwa yanayorudi, nakala zikizidi za kuhifadhi mzipe shule za sekondari zenye somo la sanaa. Na maofisi na shule mkisafisha stoo, kabla ya kumuita mnunuzi wa kilo mtuachie hata asubuhi moja tuchambue, tutalipa bei ileile ya kilo.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma