Mwanangu, wakibisha ufungue

Mwanangu,

Tuko wazima wote, usianze kuogopa kwa kuona baba ameandika refu hivi. Mgongo wa mama uko vile vile. Naandika juu ya ile kitu ulisema Jumapili kwa simu, ukaipitisha haraka haraka kama kitu ya kuchekesha, ya wale watoto wa mataji. Mama alicheka. Mimi sikulala.

Watoto wanne, mataji ya karatasi kichwani, mmoja ameshika nyota juu ya fimbo, wanapiga kengele kwako, wewe unachungulia kwa kale katundu ka mlango, unasema hawa ni watu wa kuomba pesa, unamwambia mke wako anyamazishe mtoto, na wote mnakaa kimya kama watu wa deni. Basi Jumatatu nilienda kuuliza padri mmoja wa hapa paroasi (parokia) yetu mwenye alisomaka Ujerumani, huko kwenu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Anasema wale wanaitwa Sternsinger, ni watoto wa paroasi, kila mwaka karibu na tarehe 6/1, sikukuu ya wale Wafalme watatu, wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba, wanachangisha pesa ya watoto wa inchi maskini (labda hata wa huku kwetu, fikiria), halafu wanaandika kwa chaki juu ya mlango C+M+B na mwaka, ni Kilatini, Kristo abariki nyumba hii. Sasa wewe miezi 11 unaniambia baba huku hakuna watu, kila mtu na kwake, na hii paroasi imepanda ngazi mpaka etaji ya 3 kukutafuta, umeikatalia mlango.

Mama anasema nisikukaze, mnachoka. Najua. Najua kazi ya usiku kwenye depo ni kazi gani, na mke wako na ile lugha yao yenye neno moja linajaza mstari. Na usifikiri sijivuni, hapa Kadutu, Bukavu, watu wote wanajua mwanangu iko Köln, Ujerumani, wanajua mpaka kwa nguvu, picha yako mbele ya katedrali ndiyo niliweka kwa profili. Padri aliniambia walianza kuijenga 1248 wakaimaliza 1880. Miaka 632! Na katikati waliacha kazi karibu miaka 300. Na mule ndani ndimo wanasema mifupa ya wale Wafalme imelala, watu wenye waliacha kwao wakafuata nyota. Wewe umeingia mara ngapi? Mbili, na ya kwanza ilikuwa ya picha.

Hiyo misa unafuata kwa simu ni ya mgonjwa. Nimeisema na nitaisema tena. Simu haitajua kama Jumapili hii hukuwepo. Siku mke wako akishikwa na homa na wewe uko depo, nani atabisha? Mtoto alipozaliwa nilimuuliza mama nani alienda kuona mtoto, nani alipeleka sabuni, nani alipika uji, akaniambia mkunga tu, eti kule mkunga anakufuata mpaka nyumbani na bima inalipa. Hiyo niliipenda, hapa hatuna. Lakini mkunga ni kazi yake, akimaliza siku zake anaenda kwa mwingine.

Tena ile ya kodi. Kwamba ulipojiandikisha kwa ofisi ya mji, pale pa dini uliacha tupu kwa sababu rafiki alikuambia Mkatoliki anakatwa kodi ya kanisa. Nimeuliza hiyo pia. Kwenu ni 9 kwa 100 ya kodi ya mapato, siyo ya mshahara, hizo ni vitu viwili, na mwenye kodi yake ni ndogo anakatwa kidogo. Sikuambii ulipe, pesa ni yako na mimi ndiye nakula juu yake. Nakuambia tu uende kwa padri wa kule umueleze wewe mwenyewe mbele hajakuuliza siku ya ubatizo.

Na usitafute Wakongo tu. Wapolonia wana misa zao kule, Waitalia, Wakroati, na wa Kifaransa wapo, ulizia. Lakini ile kanisa ya karibu na kwako yenye unasema imejaa wamama wazee, ndiyo hiyo. Wamama wazee ndio wenye nafasi ya kukaa na mtoto. Misa ikiisha usikimbilie tramu. Beba viti. Ulikuwa Xaveri, kile kikundi cha vijana Wakatoliki, viti umebeba vingi, na mwenye kubeba viti hawamuulizi lugha.

Najua utanijibu nini, utanikumbusha ile ya "baba hayuko". Sitaieleza, ni wewe ulikuwa unatumwa mlangoni. Michango ya shirika, ile jumuiya yetu ya Wakristo wa mtaa, ilikuwa mingi na mshahara wa mwalimu unaujua. Lakini siku ya kilio cha bibi yako ni wale wale walifika na kuni, na mimi nilikosa pa kuweka macho. Kama hujui kufungua mlango, basi, hukujifunza peke yako.

Mtoto amefika miezi 8. Ndugu yako anataka kuwa baba wa ubatizo, padri anasema inawezekana, mtu wa kule anasimama badala yake. Mimi sitaki. Ndugu yako yuko hapa Bukavu na visa hana. Tafuta mtu wa kule, hata kama ni Mpolonia, hata kama jina lake sitaweza kulitaja, mwenye anaweza kufika kwa mguu.

Zile dola 50 zilifika kwa simu. 30 zilienda kwa minervali (karo ya shule) ya mdogo wako, imebaki deni kidogo, zingine makala ya kupikia na dawa ya mama. Manjanja (mabati) mbili za jikoni bado zinavuja, tumeweka sahani. Mlango wa mbele umevimba kwa mvua, haufungi vizuri, seremala anataka 15, nimemwambia angoje kiangazi. Alhamisi shirika iko kwetu, mama ameshaazima viti 12 na anataka kutoa sambaza, wale samaki wadogo, kwa watu wote, eti wasiseme. Anauliza kama mke wako atataka kile kikwembe (kitenge) cha kijani kikatwe ama kikae hivyo, kuna mtu anasafiri mwezi wa tatu, ajibu haraka.

Baba yako